Komparata yako haihitaji kasi zaidi, inahitaji utulivu

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki, na nyumbani ni Ujiji. Mjomba wangu ni mvuvi wa Kibirizi. Anatega nyavu usiku, upepo ukivuma zinahama, na asubuhi anamaliza mafuta ya injini akizitafuta. Natengeneza kifaa cha kufunga kwenye boya: kinasikiliza muda wote, kikisikia mlio wa kilohezi 70 kutoka kwenye boti kinajibu. Kujibu kuna betri yake, ila kusikiliza nataka kuendeshwe na betri ya kitufe, CR2032. ADC yangu, yaani saketi ya kugeuza volti kuwa namba, ni ya aina ya SAR, inayoamua biti moja baada ya nyingine, biti 10, sampuli milioni 1 kwa sekunde, kipimo kizima ni volti 1 kati ya ingizo mbili. Nimetumia teknolojia ya kutengeneza chipu ya SKY130 kwa volti 1.8. Komparata ya kwanza, yaani saketi inayoamua ingizo lipi lina volti kubwa, ilikuwa opampu (kikuza volti) isiyo na mrejesho, ikala mikroampia 100 bila kupumzika. Nikahamia lachi ya StrongARM, komparata inayoamua kila kloki inapopiga, nikapanua transista ya mkia, ile inayopitisha mkondo wa saketi nzima, ili iwe na kasi, ikafika pikosekunde 300. Kwenye ngspice, programu ya kuiga saketi, nilipata biti 9.9 zenye maana. Chipu iliporudi kutoka kiwandani inanipa biti 8.6, na nikiweka volti isiyobadilika kwenye ingizo, namba hazitulii, zinarukaruka nne au tano. Niongezeje kasi bila kuongeza umeme? Halafu kuna fundi redio wa Mwanga ananiambia niachane na yote hayo, niweke LM393 tu, komparata ya kawaida ya dukani. Ana hoja?

Jibu: Marahaba. Fundi wako nitamrudia mwishoni, maana hoja anayo, ila si ile anayoidhania.

Kasi siyo tatizo lako. Kasi unayo kupita kiasi, na umeilipia kwa kelele. Tuanze na saa. Sampuli milioni 1 kwa sekunde maana yake kila sampuli ina nanosekunde 1,000. Toa 200 za kuipokea volti kwenye kapasita, zinabaki 800. Gawa kwa maamuzi 10, kila uamuzi una nanosekunde 80. Nusu ya hizo ziachie kapasita za DAC, sehemu inayogeuza namba kuwa volti ya kulinganishia, zitulie baada ya kubadilishwa, komparata inabaki na 40. Yako inamaliza kazi kwa 0.3, kisha inakaa bure mpaka kloki irudi. Hakuna mahali popote katika mfumo wako ambapo nanosekunde hizo zilizookolewa zinatumika.

Sasa kuhusu kelele. Hatua moja ya ADC yako ni volti 1 ukigawa kwa 1,024, yaani karibu milivolti 0.98. ADC kamilifu ya biti 10, isiyo na dosari yoyote, bado ina kosa la kukadiria ambalo ni hatua hiyo ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 12: milivolti 0.28. Wewe umepata biti 8.6, upungufu wa biti 1.4, kwa hiyo makosa yako kwa jumla ni mara 2.6 ya hapo, karibu milivolti 0.75. Kelele hujumlishwa kwa miraba, si moja kwa moja, ukiondoa 0.28 kwa kanuni hiyo unabaki na milivolti 0.69 ambazo mwenyewe wake lazima apatikane. Kelele ya kiwango hicho ikienea mara tatu ya thamani yake kila upande inafunika hatua nne na ushee. Na wewe mwenyewe umeniambia namba zinaruka nne au tano. Hesabu mbili zimetoka njia tofauti zikakutana mahali pamoja, ndiyo sababu nazungumza kwa uhakika bila kuishika chipu yako mkononi.

Kama kapasita za DAC zingekuwa hazilingani, dalili ingekuwa tofauti kabisa. Namba ingetulia, ila ingetulia mahali pasipo pake, na kila ukirudia volti ileile ungepata kosa lilelile. Kapasita ya kupokelea nayo ina kelele zake za joto. Kwa pikofaradi 1 ni kama mikrovolti 64, ndogo mno kuelezea tunachokiona. Mshukiwa pekee ninayekutaka umkague kabla ya kugusa komparata ni umeme wa bodi. Endesha chipu kwa betri badala ya adapta ya ukutani, weka kapasita nzuri karibu kabisa na pini ya volti rejea, halafu pima tena. Namba zikiendelea kuruka vilevile, mtuhumiwa ni komparata.

Utauliza mbona ngspice haikukuonya. Haikuwa na namna. Uigaji wa kawaida wa mwendo wa muda kwenye ngspice hauhesabu kelele za joto za transista zenyewe. Unaona saketi kama vile elektroni zake zimelala. Zile biti 9.9 zilikuwa jibu sahihi la swali ambalo halikuwa lako. Njia ya kulipita tatizo hili ipo na nitaieleza, lakini kwanza tuifungue lachi tuone kelele inaingilia wapi.

Jina StrongARM limetokana na prosesa ya kampuni ya Digital Equipment iliyotoka mwaka 1996, ingawa umbo lenyewe wahandisi wa Toshiba walikuwa wamelichapisha miaka kadhaa kabla. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ikishaamua haipitishi tena mkondo wowote zaidi ya uvujaji mdogo. Opampu yako ya kwanza ilikuwa inakula iwe inaamua au haiamui. Hii inakula kwa kila uamuzi, basi.

Uamuzi mmoja una vipindi vitatu. Kloki ikiwa chini, nodi zote za ndani zinavutwa juu hadi volti 1.8, kumbukumbu ya uamuzi uliopita inafutwa. Kloki ikipanda, transista ya mkia inafunguka na jozi ya ingizo, transista mbili zinazopokea volti za kulinganishwa, inaanza kumwaga chaji kutoka nodi zake mbili. Upande wenye volti kubwa zaidi kwenye geti, mlango unaoidhibiti transista, unamwaga haraka kidogo kuliko mwenzake, hivyo tofauti ndogo ya ingizo inajikusanya pole pole kuwa tofauti kubwa zaidi ndani. Nodi zikishashuka kiasi sawa na volti ya kizingiti, ile ambayo transista huanza kupitisha mkondo, inveta mbili (saketi za kugeuza juu kuwa chini) zilizofungwa kwa kukabiliana zinaamka na kuisukuma tofauti hiyo mpaka mwisho: upande mmoja volti 1.8, mwingine sifuri.

Sehemu kubwa ya kelele inayokuumiza imeingia katika kipindi cha pili. Ni sawa na mizani ya sokoni inayotikisika: ukisoma mara tu ulipoweka mzigo unasoma mtikisiko, ukiiacha kidogo unasoma uzito. Wewe ulipopanua transista ya mkia, uliipa jozi ya ingizo mkondo mkubwa, ikamwaga chaji upesi, na kipindi cha kukusanya kikawa kifupi mno. Inveta zikaamka zikakuta tofauti ambayo nusu yake ni ishara na nusu nyingine ni mtikisiko wa elektroni. Nazo inveta hazina busara yoyote. Zinakuza chochote zinachokikuta.

Ukiiandika kihesabu, kwa makadirio ya mkono, mraba wa kelele iliyorejeshwa kwenye ingizo ni 4kT (k ni namba ya Boltzmann, T ni joto) ukigawa kwa zao la vitu vitatu: kapasita ya nodi ya ndani, volti ya kizingiti, na gm kwa kila ampia. Hiki cha mwisho ndicho nataka ukikazie macho. gm ni uwezo wa transista kugeuza badiliko la volti kwenye geti kuwa badiliko la mkondo; gawa kwa mkondo wenyewe, unapata kipimo cha jinsi transista inavyoutumia vizuri mkondo unaoilisha. Transista iliyosukumwa kwa nguvu, kama ya kwako sasa, ina 5 au 6 kwa volti. Transista ileile ukiilisha mkondo mdogo mpaka ikaribie ukingo wa kizingiti chake hufika karibu 20.

Weka namba. kT kwenye joto la kawaida ni 4.14 mara 10 kwa kipeo cha −21. Nodi zako, kwa ukubwa wa transista unaotumika kawaida kwenye teknolojia hiyo, nakadiria zina femtofaradi 20 kila moja. Kizingiti ni kama volti 0.5. Kwa gm kwa ampia ya 6 unapata milivolti 0.52. Ongeza kelele za inveta zenyewe na zile zinazobaki nodi zikishavutwa juu na kuachiwa, unafika karibu na 0.69 uliyonayo. Sasa panda hadi 20 bila kubadilisha kingine chochote: 0.29. Umepunguza kelele karibu nusu na hujaongeza hata femtojuli moja, kwa sababu nishati ya kila uamuzi inategemea kapasita na volti ya chanzo tu. Chaji inayomwagwa ni ileile, tofauti ni kwamba inamwagwa taratibu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuirudisha nyuma transista ya mkia. Usipunguze upana peke yake, kwa 1.8 kwenye geti hata ile nyembamba kuliko zote inapitisha mkondo mwingi kuliko unaoutaka. Refusha mfereji wake, njia ya mkondo ndani ya transista, anza na mikromita 2, lenga mikroampia 10 kwa pande zote mbili kwa jumla. Jozi ya ingizo iwe pana, mikromita 6 hivi kwa mfereji mfupi wa 0.15. Na volti ya pamoja, yaani wastani wa volti za ingizo mbili, iwe 0.9, isizidi. Ukiipandisha, komparata inaongeza kasi, gm kwa ampia inaanguka, na kelele zinarudi kwa mlango wa nyuma. Wengi hawaoni uhusiano huu kwa sababu kwenye vitabu vya opampu volti ya pamoja ni suala la kufanya kazi au kutofanya kazi, halafu basi.

Hatua ya pili inagharimu. Ongeza kapasita ya nodi za ndani kutoka 20 hadi 60. Kelele inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, unafika milivolti 0.17, weka 0.2 kwa tahadhari ya vile nilivyovipuuza. Ukichanganya na 0.28 za kukadiria unapata 0.34, yaani biti 9.7. Ungependa 9.9 kamili? Inawezekana, ila kila ukitaka kelele ipungue nusu kwa njia ya kapasita unalipa nishati mara nne. Mimi ningeishia 9.7. Kwa mlio wa kilohezi 70 unaosikilizwa ziwani penye mawimbi na injini za boti, hizo sehemu mbili za kumi za biti hazitakuonyesha chochote.

Na kasi? Femtofaradi 60 ikimwagwa kwa mikroampia 5 kila upande kushuka nusu volti inachukua nanosekunde 6. Una 40. Zile pikosekunde 300 ulizojivunia zimekuwa 6,000 na hakuna aliyeumia.

Tuone betri sasa, maana ndiyo iliyokuleta. CR2032 hubeba karibu miliampia-saa 225. Opampu yako ya mikroampia 100 ingeimaliza kwa saa 2,250, miezi mitatu na siku chache. Lachi ya mwanzo, ukichukua kapasita zote zinazojazwa kuwa femtofaradi 50, inatumia 50 mara 1.8 mraba, yaani femtojuli 162 kwa uamuzi. Maamuzi 10, mara milioni 1: mikrowati 1.6, chini kidogo ya mikroampia 1. Lachi mpya yenye kapasita mara tatu ni mikroampia 2.7. Kwa mkondo huo betri ingedumu miaka tisa kwenye karatasi. Kwa kweli itakufa kwa uzee wake kabla ya hapo. Na kwa kuwa kila kitu kinalipwa kwa uamuzi, ukishusha sampuli kutoka milioni 1 hadi laki 5, gharama inakatika nusu bila kugusa mchoro. Kwa kilohezi 70 bado ungekuwa na sampuli saba kwa kila wimbi, na sioni ulichokuwa unakifanya na kumi na nne.

Naomba hapa usiniamini kirahisi kwa jambo moja: hizo mikroampia 2.7 ni komparata tu. Kuna kubadilisha kapasita za DAC, kuna mantiki ya SAR, na juu ya yote kuna kikuza sauti kinachotoka kwenye kipokezi cha majini. Hicho kikuza sauti ni cha mkondo wa kudumu, na mara nyingi kinakula kuliko ADC nzima. Ukimaliza komparata ndipo kazi yako halisi ya kubana umeme itaanzia.

Kuhusu kuganda katikati, yaani lachi kukutana na tofauti ndogo kiasi cha kushindwa kuamua kwa wakati: wanafunzi wengi huliogopa jambo hili kuliko linavyostahili. Inveta zile mbili zinakuza tofauti kwa kasi ya kijiometri. Kila muda fulani mfupi ukipita, tofauti inaongezeka mara 2.7, tuseme muda huo ni pikosekunde 50, au hata 150 baada ya kuongeza kapasita. Ingizo likiwa dogo mara kumi, unaongeza mara 2.3 ya muda huo tu. Hata tofauti ya mikrovolti 1, baada ya kukuzwa mara kumi katika kipindi cha kukusanya, inahitaji kama mara 12 za muda huo kufika mwisho: nanosekunde 1.8 kwa hesabu mbaya kabisa. Baada ya 6 za kukusanya bado una 34 mkononi. Uwezekano wa kutotosha ni mdogo kiasi kwamba sitakuandikia sifuri zake.

Hapa ndipo hasa ilipo tofauti kati ya kelele na kasi, na ndicho kiini cha jibu langu lote: muda wa lachi unakua kwa logarithimu, nishati ya kuondoa kelele inakua kwa mraba. Kasi ni rahisi, utulivu ni ghali. Mbunifu anayeanza na kasi anakuja kugundua bei ya utulivu wakati chipu imesharudi.

Kwa wanaohitaji kasi ya kweli mambo hubadilika. Mwaka 2006 Chen na Brodersen wa Chuo Kikuu cha Berkeley walionyesha ADC ya SAR ya biti 6, sampuli milioni 600 kwa sekunde, miliwati 5.3, kwenye mikromita 0.13, ukubwa uleule wa teknolojia unayoitumia. Waliacha kuipa kila biti muda sawa. Komparata ikishaamua, matokeo yake yenyewe ndiyo yanaanzisha biti inayofuata, bila kusubiri kloki ya nje. Mantiki yake ni nzuri: katika kubadilisha sampuli moja, volti haiwezi kuwa karibu na ukingo kwa biti zote, itakuwa karibu sana mara moja tu, biti nyingine zinaamuliwa upesi, na muda uliookolewa hapo unakopeshwa kwa ile moja ngumu. Wewe huhitaji hilo kwa sababu ya kasi. Lakini lina faida nyingine kwako: huhitaji tena kutengeneza kloki ya megahezi 10 na zaidi ndani ya chipu, na kloki hiyo nayo inakula umeme. Geti moja ya mantiki ya aina ya NAND kwenye matokeo mawili ya lachi inatosha kukuambia uamuzi umekamilika.

Ofseti, yaani komparata kupendelea upande mmoja kwa sababu transista mbili hazikufanana kiwandani, isikusumbue. Kwa jozi ya mikromita 6 kwa 0.15 tegemea milivolti kadhaa. Kwenye ADC ya aina ya flashi, inayolinganisha ngazi zote kwa mara moja, hiyo ingekuwa balaa, kwa sababu biti 6 tu zinahitaji komparata 63 na kila moja ina upendeleo wake. Wewe una komparata moja inayofanya maamuzi yote, kwa hiyo kosa ni lilelile kila mara na matokeo yote yanasogea pamoja. Unaondoa kwa kutoa namba moja kwenye programu. Sharti ni moja: volti ya pamoja isibadilike kati ya biti na biti. Kuna mbinu maarufu ya kubadilisha kapasita za DAC ambayo inaishusha volti ya pamoja hatua kwa hatua kuelekea sifuri. Inaokoa nishati ya DAC, ndiyo, ila ofseti inatembea pamoja nayo na jozi yako ya aina ya N ingeishia kukosa pumzi kabisa. Hukuniambia unatumia mbinu gani. Kama ni hiyo, ibadilishe kwa ile inayorejea katikati kila mara.

Chaji inayorushwa nyuma kwenye ingizo kila kloki inapopanda haitakuumiza maadamu kapasita za pande mbili ni sawa na ni pikofaradi 1 hivi. Inaingia sawasawa pande zote na komparata haioni tofauti. Hilo linategemea mchoro wa silikoni. Chora upande mmoja, ugeuze kama kwenye kioo upate wa pili, na waya za matokeo ziwe na urefu sawa na mzigo sawa, hata kama upande mmoja unalazimika kubeba geti isiyo na kazi.

Jinsi ya kuiona kelele kabla ya kutuma chipu tena. ngspice ina chanzo cha kelele kinachoitwa trnoise. Weka vyanzo viwili vya mkondo vya aina hiyo, kimoja sambamba na kila transista ya jozi ya ingizo, ukubwa wake uutoe kwenye 4kT mara gm ya wastani katika kipindi cha kukusanya. Halafu usitafute kelele kwenye grafu. Weka tofauti isiyobadilika kwenye ingizo, iache lachi iamue mara mia kadhaa, hesabu ni mara ngapi imesema moja. Badilisha tofauti kidogo, rudia. Ukichora asilimia za moja dhidi ya volti ya ingizo utapata mkunjo mlaini. Umbali kutoka pale penye asilimia 50 hadi pale penye 84 ndio kelele yako, bila hesabu nyingine yoyote. Jaribio hilohilo lifanye leo kwenye chipu uliyonayo kama uliweka njia ya kuifikia komparata peke yake. Ukipata 0.7 tumemaliza ubishi. Joto la uigaji liache kwenye nyuzi 27 za ngspice. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hayachezi mbali na hapo mwaka mzima. Boya likianikwa mchangani litachemka zaidi, ila hapo halisikilizi kitu.

Ikiwa baada ya yote haya bado hujaridhika, angalia lachi ya mikia miwili, ambayo Schinkel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, waliitoa mwaka 2007. Hatua ya kukusanya inapata mkia wake mdogo na hatua ya kujikuza inapata mkubwa, kwa hiyo kelele na kasi zinarekebishwa kila moja peke yake. Mwaka uliofuata kundi la chuo hichohicho lilionyesha ADC ya biti 10, sampuli milioni 1, iliyokula mikrowati 1.9 kwa ujumla wake. Namba hizo ni zako kabisa, isipokuwa wao walikuwa na nanomita 65. Kwa volti 1.8 mimi ningebaki na StrongARM. Ina nafasi ya kutosha juu na chini, na transista chache ni makosa machache.

Sasa fundi wa Mwanga. LM393 huchukua mikrosekunde 1.3 kuamua chini ya masharti ya kawaida ya karatasi yake ya vipimo, yaani zaidi ya muda wote ulionao kwa biti zote kumi. Inakula miliampia 0.4 muda wote, CR2032 ingekwisha kwa siku 23. Kwa hiyo ndani ya ADC haina nafasi. Lakini nadhani anachokuambia ni kwamba kusikiliza mlio mmoja unaojulikana hakuhitaji ADC kuwa macho usiku kucha, na hapo yuko sahihi kabisa. Pitisha sauti kwenye kichujio cha kilohezi 70, kisha diodi na kapasita zitoe umbo la nje la mlio, halafu komparata moja ya pole pole ilinganishe umbo hilo na kizingiti. TLV3691 ya Texas Instruments inakula nanoampia 75. Ina ucheleweshaji wa makumi ya mikrosekunde, haiwezi kufuata wimbi la kilohezi 70, ila mlio wa milisekunde 5 itauona bila taabu. Ikiuona ndiyo iamshe ADC ithibitishe kwamba ni boti ya mjomba na si kelele ya injini ya jirani. Lachi yako ikiwa imelala haitumii kitu zaidi ya uvujaji, ambacho opampu ya kwanza isingeweza. Kikuza sauti cha mbele kitabidi kibaki macho, basi huyo ndiye wa kumbana: mpe mikroampia 5 uone kama bado anasikia boti kutoka umbali ambao mjomba anauhitaji.